Fahali wa Wajerumani na Jua la London

Jumamosi iliyopita mlinionyesha alama mliyoichora kwa ajili ya darasa letu la ushonaji, nami nikacheka, na Zuhura akakunja uso mpaka saa ya kwenda nyumbani. Haki yake. Nilipaswa kueleza kwanza, nicheke baadaye. Basi leo nimekaa jikoni kwangu hapa Wembley, chai iko mbele yangu, nawaeleza. Kicheko nitakirudia, msiwe na wasiwasi.

Mlichora duara. Ndani ya duara mkaweka mstari uliopinda kama ndizi, na chini ya ndizi nukta tatu. Nikauliza, hii ni nini? Mkasema ni safari. Mwingine akasema ni umoja. Mwingine, ubunifu. Wanangu, ndizi haijawahi kuwa safari. Alama ile ingeweza kuwa ya benki, ya kampuni ya maji, ya dawa ya meno au ya zahanati ya mbwa, na hakuna ambaye angeshtuka. Alama isiyoweza kumuudhi mtu hata mmoja haina mtu ndani yake.

Najua mliiona wapi. Mmezaliwa katika mji uliojaa vitu hivyo. Kila ofisi hapa London imeajiri mtu wa kuikata kucha alama yake ya zamani. Simba anakuwa mkunjo, taji linakuwa pembetatu, mto unakuwa ndizi. Halafu wanafanya sherehe na keki.

Mimi nilishona bendera Tottenham, katika karakana iliyokuwa nyuma ya duka la matairi, tangu nikiwa na macho ya mwewe hadi nilipoanza kutembea na miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Nimeshona bendera za mataifa, za makanisa, za vilabu vya wapiga makasia, za meli, za majeneza. Lakini mkiniuliza ni ipi ninayoikumbuka mshono kwa mshono, nitawaambia ni ya wilaya moja ya Ujerumani ambayo hakuna kati yenu atakayewahi kuisikia. Ina mto, ina viwanda vya maziwa, na ina fahali mweusi. Nitafika kwa huyo fahali. Kwanza nyinyi mjue bendera ni kitu gani, maana nimewaona mkiishika kama shuka.

Bendera si shuka. Shuka linalala kitandani, na kitanda hakiangalii. Bendera inasimama kati ya jicho na jua. Aliyenifundisha hilo aliitwa Maureen, Mwingereza wa palepale Tottenham, mwenye kikohozi cha sigara na vidole vyepesi kuliko vya mwizi. Hakuwahi kuniambia "vizuri." Akiridhika sana alisema, "Haitamuua mtu." Asiporidhika aliinua kazi yangu dirishani, akaitazama dhidi ya mwanga, akanirudishia pamoja na kile kijisu cha kufumulia. Kosa liko wapi, hasemi. Nikimuuliza, anajibu, "Mwanga umeshakwambia, mimi nirudie nini?" Nilimchukia kwa mwaka mzima. Baada ya hapo sikuweza kununua hata kitambaa cha meza bila kukiinua dukani kuelekea taa, nikiwaaibisha wanangu wa kuzaa.

Mwanga husema nini? Tuseme unataka nyota nyekundu kwenye kitambaa cha manjano. Unaweka kitambaa chekundu juu ya kile cha manjano, unashona kufuata umbo la nyota kwa mshono wa zigizaga uliobanana. Ukishamaliza, unageuza kazi, unachukua mkasi mdogo, na ndani ya mshono unakata kile cha manjano kilicho nyuma na kukitupa. Sasa pale penye nyota pana kitambaa kimoja tu, chekundu, nacho kinaonekana pande zote mbili. Fundi mvivu hakati. Anaacha vitambaa viwili vimelaliana, anasema nani ataona? Mezani hakuna atakayeona. Ipandishe juu ya mlingoti, jua likae nyuma yake, na uvivu wote wa yule fundi unaonekana kama kivuli. Kitambaa kimoja hupitisha mwanga, viwili huuzuia. Lishikeni hilo, maana habari yote niliyokuja kuwaambia imening'inia hapo.

Na mkishika mkasi huo mara ya kwanza mtakata pasipotakiwa. Kila mtu hukata. Msilie. Shona, fumua, shona tena. Mkono una akili ya polepole lakini hausahau.

Kazi ya bendera ina maadui wawili, upepo na ofisi. Upepo unajulikana. Unaanza kula bendera kwenye kona za upande ulio mbali na mlingoti, kwa hiyo pindo la upande huo unalipiga mistari minne ya uzi, na kona unazitia kitambaa cha ziada. Upepo una adabu, unakuja mahali palepale kila siku. Ofisi haina adabu hiyo. Ofisi inakuja na barua pepe.

Basi halmashauri moja ya hapa London, nisiyoitaja kwa sababu bado nalipa kodi, ilikuwa na urafiki na ile wilaya ya Ujerumani. Mnajua urafiki wa namna hiyo. Mwaka huu kwaya ya shule inakwenda kule, mwaka ujao wazima moto wa kule wanakuja huku, watu wanakula soseji na kubadilishana sahani za ukutani. Wageni walikuwa wanakuja, na halmashauri ikataka bendera ya wilaya yao ipepee mbele ya jengo.

Mwajiri wetu, Leslie, alitaka kuichapa. Leslie alikuwa amerithi karakana kutoka kwa baba yake, na alivipenda vitambaa kama vile mimi ninavyowapenda wapangishaji nyumba. Lakini Wajerumani wenyewe walikuwa wameomba ishonwe. Bendera ya kuchapa, wanangu, ni picha ya bendera. Upande mmoja unang'aa, upande wa pili umepauka kama mtu aliyeamka na homa, na baada ya msimu mmoja wa baridi nyekundu imekuwa pinki. Watu wanaitundika hivyohivyo, bila haya, kwenye majengo yenye nguzo za marumaru.

Ukatumwa mchoro wa ngao yao. Niliutandaza mezani, na nawaambia, niliutazama kwa raha. Wenzetu wale, wilaya ndogo zilipounganishwa kuwa moja kubwa, hawakuketi kubuni ndizi. Kila upande ulikuja na mali yake, vyote vikatiwa ndani ya ngao moja. Juu, kwenye uwanja wa manjano, fahali mweusi wa wilaya ya kwanza, amesimama, mguu mmoja wa mbele umeinuliwa. Chini, kwenye uwanja mwekundu, gurudumu jeupe la kinu la wilaya ya pili, na chini yake wimbi jeupe la mto. Bendera yenyewe ni mistari miwili, mweusi na wa manjano, na ngao katikati. Hakuna rangi mbili za giza zilizokaliana, hakuna manjano juu ya nyeupe. Hiyo ni sheria yao ya zamani sana, na sababu yake si uchawi. Ngao ilipaswa kutambulika kutoka ng'ambo ya uwanja wa vita, kama vile kanga nzuri inavyotambulika kutoka mwisho wa mtaa kabla hujasoma maneno yake.

Fahali anatazama upande wa mlingoti. Lazima. Bendera ikiwa kwenye mti na inabebwa mbele, mnyama awe anakwenda mbele. Akitazama upande wa pili anakuwa anakimbia vita. Niliwahi kumwona simba wa watu wengine akikimbia hivyo mbele ya hoteli moja, siku ya arusi, na wenye simba wakipiga picha chini yake, wamefurahi kabisa.

Na yule fahali alikuwa na vitu vyake vyote. Ulimi mwekundu umetoka nje. Kwato nyekundu. Na chini ya tumbo, pale penye uwanja wa manjano, udume wake, nao mwekundu, umechorwa wazi bila kigugumizi. Ndiyo, Zuhura, unaweza kucheka. Ngao za kule ndivyo zilivyo. Mnyama dume anachorwa dume, na anawekewa rangi ili mtu asibaki na mashaka.

Leslie aliikabidhi kazi ile kwa Mama Furaha.

Huyu mnamjua kama mama anayewaletea mandazi na kuwaambia mnashona kama mnaofukuzwa na polisi. Wakati ule alikuwa mgeni katika karakana. Ametoka Bukavu, amekaa miaka ya kungojea karatasi za kuishi hapa, na tangu azipate alikuwa anasafisha maofisi katikati ya mji, anapanda basi kabla ya jogoo, anapiga magoti kwenye mazulia ya watu. Magoti yakaharibika. Kushona alijua tangu kwao, alikuwa fundi wa nguo za arusi. Leslie akamchukua kwa majaribio, na kila mara aliposikia neno hilo Mama Furaha alilishika kama mtu anayeshika kikombe cha mwenye nyumba.

"Yaya," aliniambia siku moja, maana kwao dada mkubwa ndiye Yaya, "nikirudi kwa ndoo, sitatoka tena. Magoti yangu nayajua."

Hilo tu ndilo alilokuwa analitaka duniani, akae kwenye kiti mbele ya cherehani, na kiti kiwe chake.

Alimshona fahali kwa siku kadhaa. Nilikuwa napita nyuma yake nikijifanya naenda kuchukua uzi. Alizungusha shingo ile bila kona hata moja. Alipofika chini ya tumbo, mimi, mtoto wa Tanga niliyelelewa na bibi mwenye buibui, nikainama sikioni kwake.

"Mama Furaha, na hicho pia?"

"Iko kwa karatasi, Yaya."

"Naona. Nauliza tu."

"Na iko kwa ng'ombe. Mimi ni nani nitoe?" Akavuta uzi, akakata. Huyu ni mama wa kwaya, wa maombi ya Ijumaa na mafungo, anayefumba macho tangazo la chupi likipita kwenye basi. Lakini kwao wamefuga. Ng'ombe kwake hakuwa picha ya adabu wala ya utovu wa adabu. Alikuwa ng'ombe.

Akageuza kazi, akakata manjano iliyokuwa nyuma, ndani ya mshono, sawasawa. Nikainua dirishani. Mwanga haukuwa na la kusema.

Kisha akaja Brian.

Brian alikuwa kijana wa halmashauri, kitengo cha sherehe. Mama yake ni nesi, Mkenya, jirani yangu hapa Wembley, na mtoto nimemjua tangu akiwa anabebwa. Kiswahili anasikia chote, anajibu kwa Kiingereza, kama nusu yenu. Neno lake pekee la Kiswahili ni "Habari, Auntie," na akishalitoa anapumua kama aliyebeba gunia. Alikuja na shati limepigwa pasi na simu mbili, akatazama bendera mezani, akasema ni nzuri mno. Akatazama tena. Masikio yakabadilika rangi.

"Auntie," akasema, na yanayofuata nimeyatia mimi katika Kiswahili, "hiyo... chini hapo. Inabidi iondoke."

"Ipi?" nikamuuliza. Nilikuwa namwona vizuri sana.

"Auntie, tafadhali. Kutakuwa na watoto wa shule."

"Watoto wa shule hawajawahi kuona ng'ombe?"

"Wa London? Hapana!" Hapo alinishinda, nakiri. "Na ulimi pia, kama inawezekana. Mkuu wa kitengo anasema ulimi una ukali. Na kwato zinaweza kuwa laini kidogo. Tunataka awe... wa kukaribisha."

Mama Furaha alikuwa ameacha kushona. Kiingereza chake kilikuwa kichache lakini hilo alilipata. Akaniambia nimwambie kijana, nami nikamwambia sina haja ya kumwambia, anasikia mwenyewe. Basi akamgeukia.

"Mwanangu, kwetu ng'ombe dume wakimtoa hivyo, anaitwa nani?"

Brian akanitazama mimi.

"Maksai," nikasema.

"Maksai. Na maksai iko na kazi mbili, kuvuta jembe na kuliwa. Sasa hawa wageni wanatoka kwao mbali, wanafika kwa mlango yenu, wanaona fahali yao mumeshaifanya maksai. Munawaambia nini? Karibuni? Ama munawaambia mutawakula?"

Brian alicheka, maana mtoto mwenyewe si mbaya. Lakini kucheka hakumfuti mkuu wa kitengo. Akaenda kwa Leslie, wakafunga mlango wa kioo, tukawaona wakitikisa vichwa kwa pamoja kama njiwa. Methali yetu yasema fahali wawili hawakai zizi moja. Halmashauri na Leslie walikuwa wamepata dawa yake, na dawa ni mkasi.

Leslie akatoka. Ulimi ubaki, kwato zibaki, walikuwa wamekubaliana kama watu wakubwa. Kile kingine kitoke.

Nikamweleza, polepole, kama ninavyowaeleza nyinyi. Kitambaa cha nyuma kimeshakatwa. Chini ya kile chekundu hakuna manjano. Ukikitoa, unabaki na tundu, na fahali mwenye tundu mahali hapo ni habari nyingine kabisa.

"Basi tia kiraka cha manjano," akasema Leslie.

Mama Furaha akaomba nimtafsirie vizuri, neno kwa neno. Akasema, "Bosi, kiraka kwa bendera kinapanda juu ya kitambaa kingine, pembeni yote. Pale panakuwa pawili. Jua likikaa nyuma, pale patakuwa na giza. Na kiraka lazima kipite umbo, kiwe kikubwa kuliko umbo. Jua litasema."

Nikatafsiri. Leslie akatazama nje ya dirisha, kwenye mawingu yaliyokuwa yamelalia Tottenham tangu wiki iliyotangulia, akacheka mpaka akashika meza.

"Jua? London? Jua litoke wapi?"

Kisha akaacha kucheka, akasema mbele yetu sote kwamba fundi wa majaribio anayebishana ni fundi anayetafuta kazi nyingine, na mwisho wa mwezi haukuwa mbali.

Nilisema nitaifanya mimi. Mama Furaha akauvuta mkasi upande wake. Sikuweza kumsoma uso. Alifumua ule udume kwa uangalifu mkubwa, akauweka kwenye kikopo cha vifungo, akachukua manjano, akakata kiraka kwa kanuni, upana wa kidole kupita tundu kila upande, akakishona kwa mshono mzuri kuliko wote niliouona katika karakana ile. Hakuharibu kitu. Hakufanya ujanja. Alifanya alichoambiwa, kama kinavyotakiwa kufanywa. Alipomaliza niliinua dirishani, nikaishusha haraka.

"Yaya, nimewaambia?"

"Umewaambia."

"Mungu anajua nimewaambia." Akakunja bendera, akatia kwenye karatasi. Tulipofika stesheni, ngazini alishuka akishika ukuta, kwa ajili ya yale magoti.

Siku ya wageni sisi hatukualikwa. Anayeshona bendera haalikwi, kama vile mpishi wa arusi haketishwi na maharusi. Lakini kituo cha basi kiko ng'ambo ya jengo, na kituo cha basi ni cha umma. Tukaketi pale na chupa ya chai, tukaacha mabasi yapite.

Asubuhi ilikuwa ya kijivu, rangi ya maji ya kufulia. Watoto wa kwaya wamepangwa. Wageni wamesimama, wazima moto wenye masharubu na sare zao, na mbele yao mama mmoja mnene mwenye koti la kijani, ndiye mkuu wa wilaya. Brian anakimbia huku na huku na simu zake. Leslie yupo, na tai. Bendera ikapanda. Upepo ulikuwa mzuri, ukaifungua yote. Fahali mweusi, ulimi mwekundu, kwato nyekundu, anautazama mlingoti kama inavyopaswa. Chini ya tumbo manjano tupu, safi. Leslie aligeuka akaniona kituoni. Akatabasamu, akanyoosha kidole juu kuonyesha mawingu.

Mama Furaha alikuwa anatazama kikombe chake.

Halafu mwenye hotuba akaanza hotuba, na mnajua hotuba za halmashauri. Alizungumzia safari. Alizungumzia umoja. Akafika kwenye ubunifu, na hapo ndipo mawingu nyuma ya jengo yalipopasuka.

Wanangu, sijui niwaeleze vipi. Bendera yote iliwaka. Manjano ikawa kama taa. Na katikati ya ile taa, chini ya tumbo la fahali, kikatokea kivuli cheusi kilicholizunguka umbo lote kwa kingo safi, kikubwa kuliko alichopewa na Wajerumani, kikubwa kuliko alichopewa na Mungu. Upepo ukawa unakipeleka juu na chini.

Mtoto mmoja wa kwaya akaona. Akamgusa mwenzake. Ikapita kwenye mistari ya kwaya kama maji kwenye mfereji. Mzima moto mmoja akainua kichwa, akavua kofia, sijui kwa heshima au apate kuona vizuri, kisha masharubu yakaanza kutetemeka. Mwenye hotuba akadhani ni ubunifu unaowafurahisha, akaongeza sauti. Yule mama wa koti la kijani akatazama juu kwa muda mrefu. Baadaye Brian aliniambia alichomwuliza, kwa upole kabisa, "Samahani, mlikuwa mnajaribu kumfichia nini?"

Mimi nililia. Watu wa basi walidhani nimefiwa. Mama Furaha hakucheka hata kidogo.

"Jumatatu ananifukuza," akasema.

Nikakiweka kikombe chini. Maana alisema kweli. Mtu kama Leslie akiaibika hatafuti kosa lake, anatafuta mtu mnyonge wa kuliweka juu yake.

Jumatatu Leslie alikuja na bendera chini ya kwapa. Akaitupa mezani kwa Mama Furaha. Karakana nzima ikazima mashine.

"Wanataka kirudishwe," akasema, akitazama sakafu. "Kama kilivyokuwa kwenye mchoro. Wageni wapo mpaka Alhamisi." Mkuu wa kitengo alikuwa ameona kwamba kitu chenyewe kilikuwa na adabu kuliko kivuli chake.

Hakuomba radhi. Msije mkangojea radhi katika kazi hii, mtazeeka mkisubiri. Alisema tu kirudishwe, akageuka aende ofisini.

Mama Furaha akatoa kikopo cha vifungo kwenye droo, akakiweka mezani. Hakukifungua. Akakunja mikono.

"Yaya, mwambie Bosi. Hii kazi ni ngumu. Kutoa kiraka, kuingiza tena, bila kuacha alama juani. Haiko kazi ya mtu wa majaribio. Ampatie fundi wa kudumu."

Nikatafsiri, na sikupunguza kitu.

Leslie akanitazama mimi. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa kudumu mkubwa pale. Nikavua miwani ya machoni, nikavaa ya kichwani, nikaisogelea bendera, nikatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. "Macho, Leslie," nikasema. Akawatazama wengine. Mmoja alikuwa anatia uzi kwenye sindano iliyokwisha kutiwa uzi. Mwingine alikumbuka anatakiwa chooni.

Leslie akaitazama bendera, akakitazama kikopo. Kisha akaingia ofisini, na tukamwona kupitia kioo akitafuta kalamu.

Mama Furaha alisoma karatasi yote ya ajira ya kudumu, akanipa na mimi niisome, akatia sahihi, ndipo akafungua kikopo. Siku hiyohiyo fahali alikuwa mzima, na alipoinuliwa dirishani mwanga haukuwa na la kusema. Leslie alikuja baadaye kununua mashine ya kuchapa, kama wote, na sasa nyuma ya duka la matairi wanachapa ndizi. Lakini kile kiti Mama Furaha alikikalia mpaka alipoamua mwenyewe kuinuka.

Sasa turudi kwenye duara lenu.

Sisemi mchore fahali. Fahali ana wenyewe. Nasema mkae pamoja, kama zile wilaya zilivyokaa, na kila mmoja aseme kwao kuna nini cha kweli. Zuhura, baba yako anaendesha basi na bibi yako alikuwa msusi wa ukili wa mikeka Pemba, nawe unaniletea nukta tatu? Kuna ambao mama zao wanawageuza wagonjwa kitandani usiku na mchana. Kuna yule ambaye familia yake ilivuka ziwa na cherehani kichwani. Vyote hivyo vina umbo. Vina kucha na ulimi. Ofisi fulani itawaambia mpunguze kidogo, muwe wa kukaribisha. Wasikilizeni kwa adabu, halafu waambieni habari ya jua.

Mikono yenu ni mizuri, nimeiona. Mchoro ndio uliokuwa wa uvivu, na uvivu unatibika. Jumamosi leteni mwingine. Mimi nitakaa na chai yangu, sitacheka. Atakayeuinua dirishani ni Mama Furaha.